Kabla ya London kulikuwa na Kwoto

Ukiuliza watu wa Juba kuhusu maigizo, wengi watakutajia London. Mwanzoni mwa Mei 2012, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja, South Sudan Theatre Company walipanda jukwaa la Shakespeare's Globe wakacheza Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba. Joseph Abuk ndiye aliyeutafsiri mchezo, na akauongoza pamoja na Derik Uya Alfred. Tamasha lile lilikuwa na michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Hata Kiswahili kilikuwepo: waigizaji kutoka Nairobi walicheza Merry Wives of Windsor. Ni jambo la kujivunia, sikatai. Lakini kuanzia hadithi pale ni kusifia embe bila kuuliza mwembe uko wapi.

Mwembe ulikuwa Khartoum. Mwaka 1994 huyo huyo Derik Uya Alfred na wenzake walianzisha kundi la Kwoto. Wazee wetu waliopita kule wanajua maisha yalivyokuwa: watu wa kusini waliokimbia vita wamejazana Mayo, Jabarona na kwingine pembezoni mwa jiji, na vibanda vyao vinabomolewa serikali ikitaka. Serikali yenyewe ni ile ya Omar al-Bashir, iliyoingia kwa mapinduzi 1989 na kutaka nchi nzima iwe na sura moja na lugha moja. Kwoto wakapeleka ngoma, nyimbo na maigizo kwa wakimbizi hao wa ndani, makabila ya kusini yakichanganyika kwenye jukwaa moja.

Mimi kinachonishika zaidi ni lugha. Kiarabu cha Juba si Kiarabu cha redio ya Khartoum. Ni lugha iliyokua sokoni, kambini na barabarani, na wenye Kiarabu chao "safi" waliicheka. Wasomi wa kusini nao waliona aibu kuiandika. Sasa fikiria: serikali inakulazimisha Kiarabu, na wewe unapanda jukwaani unazungumza Kiarabu, lakini kile chake inachokidharau. Mtu hawezi kukushtaki kwamba umekataa lugha, na bado kila anayekusikia anajua uko upande gani. Sisi tuliosoma Kakuma tunaelewa haraka, maana Kiswahili chetu kimechekwa sana na watu wa pwani, na Wakongomani wanaweza kuongeza yao. Baada ya uhuru, katiba ya 2011 ikachagua Kiingereza kuwa lugha ya kazi za serikali. Kiarabu cha Juba kikabaki sokoni kama zamani. Kwa hiyo kukipeleka London, kwenye nyumba ya Shakespeare mwenyewe, kulikuwa pia kuwasemesha wakubwa wa Juba.

Halafu kuna mchezo wenyewe. Mfalme Cymbeline wa Uingereza anakataa kulipa kodi kwa Roma. Vita vinatokea, anashinda, kisha mwishoni anakubali kulipa ili amani ipatikane. Wasomaji wa Ulaya huona mwisho huo ni wa ajabu. Sisi tungeshangaa nini? Januari 2012 Sudan Kusini ilifunga visima vya mafuta kwa sababu ya ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba. Aprili majeshi yakapigana Heglig, ambayo huku tunaita Panthou. Wiki mbili hivi baadaye waigizaji wako jukwaani na mfalme wao asiyetaka kulipa. Na Septemba mwaka huo huo, Addis Ababa, makubaliano yakasainiwa, ada ya mafuta ikiwemo. Kwa mtu wa Juba, mchezo ule wa karne nyingi ulikuwa taarifa ya habari.

Wapo wanaosema: sawa, lakini Desemba 2013 risasi zililia Juba hii hii, makabila yale yale yaliyocheza pamoja, na mchezo haukuzuia kitu. Ni kweli haukuzuia. Na nani aliwahi kuahidi kwamba ungezuia? Wenye bunduki ndio wanaogopa maigizo kuliko sisi tunavyoyaamini. Kule Limuru, Kenya, wanakijiji wa Kamiriithu walijijengea jukwaa la wazi, wakacheza Ngaahika Ndeenda mwaka 1977. Serikali ikaupiga marufuku baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa bila kesi, na 1982 polisi wakalibomoa jukwaa.

Maigizo yetu ya kambini hakuna anayehangaika kuyabomoa. Naandika hili nikijua ndugu zetu wa mashirika wanasoma, na wengine ni marafiki zangu. Tunaletewa ujumbe umeandikwa kwa Kiingereza, tunautafsiri jioni, kesho tunacheza chini ya turubai: nawa mikono, mpeleke mtoto shule, usimpige mke. Ujumbe ni mzuri. Lakini mhusika ni yule yule kila mara, mkimbizi mjinga anayefunzwa na mkimbizi mwenye fulana ya shirika. Watu wanapiga makofi, tunasaini posho. Nimeona vijana wenye kipaji kikubwa wakicheza hivyo miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kuwauliza wao wana neno gani. Posho si tatizo, maana kundi lisilokula halichezi. Tatizo ni kwamba mkimbizi wa Mayo alipokwenda kutazama igizo alimkuta mtu kama yeye jukwaani, mwenye akili, anayecheza ngoma za kwao na kutania kwa lugha yake.

Wiki iliyopita dada mmoja wa kikundi chetu aliniuliza kama igizo la foleni ya mgao litaruhusiwa. Nilimwambia aandike kwanza. Ameshajaza kurasa nne za daftari. Mhusika mkuu ni karani wa kadi, na kufikia ukurasa wa pili ameshamwambia mama mmoja aliye hai, amesimama mbele yake, kwamba kompyuta inasema amekufa.