Makosa Yaliyo Machoni Petu

Kuna makosa yaliyofichwa, na kuna makosa yaliyotundikwa juu ya malango ili kila mpita njia ayasome. Haya ya pili aghalabu ndiyo magumu kuonekana. Jicho hukizoea kitu kilicho mbele yake kila siku, na likisha kukizoea huacha kukitazama. Basi, katika insha hii nataka tutembee pamoja, msomaji wangu, tukavitazame upya vibao na majengo yetu kama mhakiki anavyokitazama kitabu.

Tuanze langoni. Katika miji ya Kenya nyumba nyingi zina kibao chenye maneno mawili: MBWA KALI. Pengine hicho ndicho Kiswahili cha kwanza ambacho mtoto wa mjini hukiona kimeandikwa, naye hukiona hata kabla ya kuingia shule. Lakini sarufi haikikubali. Ni kweli kwamba jina mbwa halibadiliki katika umoja na wingi, sawa na dawa na pilipili. Aliyeandika akaona kwamba, kwa kuwa twasema dawa kali na pilipili kali, hapana budi kusema mbwa kali. Akasahau kwamba mbwa ana uhai, na kiumbe chenye uhai hufuata upatanisho wa mtu: mtu mkali, mbwa mkali, watu wakali, mbwa wakali.

Huenda msomaji akauliza: Je, maana si imeeleweka? Mwizi atakimbia hata kama sarufi ni mbovu! Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu. Maana imeeleweka nusu. Mbwa mkali ni mmoja. Mbwa wakali ni wawili au zaidi. Mgeni asimamaye nje ya lango angependa sana kujua ni wangapi wanaomngoja ndani, wala kibao hakimwambii. Herufi iliyoachwa imeondoka na hesabu.

Tupige hatua zaidi, tufike pembezoni mwa mji. Hapo tutakuta kibao kingine, kimesimama peke yake kati ya majani: SHAMBA HII HAIUZWI. Kibao hiki si cha mzaha. Mwenyewe amekisimamisha kwa sababu ya matapeli, ambao huwauzia watu ardhi isiyo yao na kutoweka na fedha. Alitaka kusema: Shamba hili haliuzwi. Mtu huyu anatetea mali yake yote kwa maneno matatu, na mawili kati ya hayo yana kosa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo heshima ya lugha haikamiliki kwa kuandikwa katika katiba. Hukamilika pale fundi wa rangi anapoinua brashi yake.

Tusidhani kwamba aibu hii ni yetu peke yetu. Mwaka 2008, katika mji wa Swansea huko Wales, wenye mamlaka walitaka kusimamisha kibao cha kuyakataza malori makubwa kupita njia fulani. Desturi ya nchi hiyo ni kuandika vibao kwa Kiingereza na kwa lugha ya Wales. Maneno ya Kiingereza yakapelekwa kwa mfasiri kwa barua pepe, na jibu likarudi upesi. Jibu hilo likachorwa, likatundikwa barabarani. Wasomao lugha ya Wales walipofika, walisoma kwamba mfasiri hayuko ofisini kwa wakati huo, na kwamba kazi zote za kufasiriwa zipelekwe! Lilikuwa ni jibu ambalo mashine humtolea mtu asiyekuwapo. Watu walicheka sana, na walikuwa na haki ya kucheka. Lakini tazama mzizi wa kosa: yule aliyeagiza kibao hakuijua lugha hiyo, wala hakumtafuta aijuaye akamwonyesha kabla ya rangi kukauka.

Sasa tutoke katika maneno tuingie katika mawe, maana jengo nalo husomwa, na msomaji wake ni mguu. Nilipokuwa mwanafunzi palikuwa na ngazi nyuma ya jiko la shule yetu. Mpishi wetu, mzee mpole, alijikwaa hapo mara kwa mara, na siku moja alianguka na sufuria ya uji. Tulipomkimbilia na kumwambia, "Pole sana, Mzee," alijibu, "Ni miguu yangu, wanangu. Uzee umeniingia." Sisi wenyewe tulijikwaa papo hapo, na kila aliyejikwaa aliadhibiwa kwa kosa la kukimbia. Hata siku moja mwenzetu mmoja alichukua rula akapima vidato vyote. Kidato cha mwisho kilikizidi kila kimoja cha wenziwe kwa upana wa kidole. Mguu ukisha kupanda vidato viwili vitatu hujifunza kipimo chake na kukitumaini. Ukidanganywa na cha mwisho, hauna la kufanya. Tulipokwenda kumwambia mzee kwamba kosa halikuwa la miguu yake, alikuwa amekwisha kuomba kuacha kazi.

Jambo kama hilo lilionekana mbele ya ulimwengu mwaka 2012. Katika ngazi ya kituo cha treni cha 36th Street huko Brooklyn, New York, kidato kimoja kilikuwa kirefu kidogo kuliko vingine. Mtu mmoja aliketi na kamera akawapiga picha wapandao, nao walijikwaa mmoja baada ya mwingine, vijana kwa wazee. Picha hizo zilipoenea, ngazi ilifungwa upesi ikatengenezwa. Anayejikwaa peke yake huulaumu mguu wake. Anayewatazama wengi wakijikwaa hukiona kidato. Hiyo ndiyo kazi ya uhakiki: kuiondoa lawama kwa asiyestahili na kuiweka mahali pake.

Wala jambo hili haliishii katika kicheko na magoti yaliyochubuka. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha Nairobi, jengo la ghorofa sita lilianguka katika mtaa wa Huruma, karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa, lakini watu waliendelea kulala ndani yake. Hapo kosa lilikuwa limeonekana na kuandikwa. Halikufuatwa na tendo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pale ukuta ulipoanguka, waliolala chini yake hawakupewa nafasi ya kuujenga tena.

Basi, kijana, usimcheke fundi aliyeandika mbwa kali, maana yeye huandika alichoagizwa. Mwendee mwenye lango umwambie kwa adabu, nawe uwe tayari kumweleza sababu. Ukijikwaa mahali mara mbili, rudi na rula. Ukiona ufa ukutani mwa shule yako, mwonyeshe mwalimu leo, na kesho umwulize umefanyiwa nini.