Rangi Isiyotoka Jiweni

Wapiga chapa wa picha za sanaa huchagua wino kwa makini. Wino wa rangi iliyoyeyushwa hung'aa leo na kupauka baada ya miaka ya kupigwa na mwanga. Wa chembechembe za rangi, juu ya karatasi ya pamba isiyo na asidi, hudumu kwa miongo mingi. Mimi mtu akitaka nimwonyeshe kazi inayofanywa ili idumu, simpeleki kwenye mashine. Nampeleka Tabaka, Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii. Jirani zao wa Nyamira wana majani chai. Tabaka wana jiwe, na swali lilelile la rangi wanalijibu kwa mikono.

Jiwe la sabuni kwa kawaida limejaa talki, madini yaliyopewa namba 1, yaani laini kuliko yote, katika kipimo cha ugumu cha Mohs. Ukucha hulikwaruza. Tabaka hulichimba kwa sururu na mitaimbo, na hutoka jeupe, la kijivu, la waridi, mengine yakiwa na mishipa ya rangi ya kutu. Mchongaji hulitazama kwanza, akatafuta ufa na kuona mishipa inaelekea wapi. Likiwa bado na unyevu linakubali panga na kisu bila kutimua vumbi jingi, vumbi ambalo si zuri kwa mapafu ya mtu yeyote.

Wageni hupiga picha panga likiruka. Mimi hukaa upande wa pili, kwenye karai la maji, ambako kwa kawaida wanawake ndio hupiga msasa. Bakuli lililoletwa likiwa na alama za tupa linazamishwa, linasuguliwa kwa msasa wa chembe kubwa, kisha wa chembe ndogo, kisha ule laini kabisa, huku maji yakigeuka meupe kama maziwa. Kipande cha msasa kinakunjwa mara mbili ili kiingie kwenye pembe ambazo kidole hakifiki. Kila baada ya muda bakuli husuuzwa na kuinamishwa, mwanga ulipige kutoka ubavuni. Mkwaruzo wa msasa wa mwanzo ukiachwa, hauonekani jiwe likiwa limelowa. Nta ndiyo itakayoutangaza, na hapo hakuna njia ila kurudi karaini. Hiyo subira hailipwi inavyostahili, na nadhani ndiyo nusu ya uzuri tunaousifu.

Vyombo vingine hupakwa rangi nyeusi, nyekundu au buluu, kisha fundi huchora kwa ncha kali ya chuma, kila mstari ukifunua weupe wa chini. Twiga, samaki, majani, hakuna kufuta. Mkono huo nauheshimu sana, ila rangi ile imelala juu tu: bakuli likioshwa kila siku, ndiyo ya kwanza kuondoka. Waridi ya jiwe lenyewe imepita hadi ndani. Libanje ukingo, utaikuta palepale.

Kwamba jiwe hili linabeba zaidi ya visahani vya watalii, mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alishaonyesha: sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris.

Ukienda kununua, basi, usianze na bei. Geuza bakuli chini juu, uone kama kitako nacho kimepigwa msasa; fundi mwenye haraka hukiacha. Pitisha kidole kilicholowa juu ya nakshi, uone kama kitatoka na rangi. Lishike dirishani, mwanga wa ubavuni. Likipita hapo, lipa ulichoambiwa, na uulize ni nani aliyelipiga msasa.