Mlezi, Mfadhili, Mdhamini: Tunavyoisimulia Timu ya Kampuni

Kuna makala moja ambayo magazeti yetu ya michezo huichapa karibu kila msimu, kinachobadilika ni jina la timu tu. Inaanza na "enzi zile". Uwanja ulikuwa unafurika, wachezaji walicheza kwa mapenzi, Simba na Yanga wakisikia wanakwenda huko matumbo yanawacheza. Ukifika aya ya sita hivi, timu "ikaanza kuyumba". Kwa nini iliyumba? Viongozi wabinafsi, vijana wa siku hizi wanataka hela, wadau wameisusa. Mwisho inatupiwa methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Naujua muundo huu kwa sababu na mimi nimewahi kuandika moja. Methali ile ile niliipandisha hadi kwenye kichwa cha habari, nikajiona mjanja.

Nataka leo tuisome makala hiyo kama tunavyosoma hadithi fupi, maana ndivyo ilivyo. Ina mhusika, ina kilele, ina anguko. Na kama hadithi ina kasoro moja kubwa: hakuna mtu anayefanya kazi ndani yake. Timu iliyozaliwa na shirika la umma inasimuliwa kana kwamba shirika lenyewe lilikuwa mapambo ya jezi.

Chukua Pamba ya Mwanza, TP Lindanda, Wana Kawekamo. Mwaka 1990 ilichukua ubingwa wa Muungano. Mwaka huo huo, kwenye Kombe la Washindi Afrika, iliifunga Anse Boileau ya Shelisheli jumla ya mabao 17-1 katika mechi mbili. Kumi na saba! Hapo ndipo kila mwandishi hukaa, na simlaumu, ni patamu. Atakutajia Khalfan Ngassa, Fumo Felician, Nteze John, halafu ataruka miaka kumi mbele na kukuonyesha timu iko madaraja ya chini, imechoka.

Katika miaka hiyo kumi iliyorukwa kuna jambo lilitokea, na halikutokea uwanjani. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Hadi hapo pamba ya Kanda ya Ziwa ilipita kwenye mikono ya ushirika na bodi ya serikali, na mfumo ule ndio ulioilisha timu. Mchezaji wa timu ya shirika hakuwa na mkataba wa usajili kama huu tunaoujua sasa. Alikuwa na ajira. Aliingizwa kwenye orodha ya mishahara pamoja na karani na fundi mitambo, na akichoka miguu alibaki na kazi. Mnunuzi binafsi aliyekuja na mizani yake vijijini hakuwa na sababu yoyote ya kumlipa mshambuliaji. Pamba iliendelea kulimwa, ikaendelea kuuzwa. Ila mahali pa kumweka mchezaji kwenye vitabu vya hesabu hapakuwepo tena.

Sasa niambie, "uzalendo" unaingia wapi hapo?

Hebu soma majina ya timu za wakati ule kwa sauti: Reli Morogoro, Bandari Mtwara, Ushirika Moshi, RTC Kagera, CDA Dodoma, Sigara, Pilsner. Ni orodha ya wizara na viwanda. Mtu asiyejua chochote kuhusu Tanzania ya miaka ya 1980 angeisoma akajua nchi inaendeshwaje: nani anasafirisha, nani anagawa sukari na sabuni mikoani, nani anajenga makao makuu. Reli waliitwa Kiboko ya Vigogo, na kila nikilisikia jina hilo naona wafanyakazi wanaojua kabisa kwamba vigogo hawako kwenye mpira peke yake.

Lugha yenyewe imeweka kumbukumbu ambayo makala zetu zimeikosa. Enzi za mashirika, neno lililotawala lilikuwa mlezi. Shirika ni mlezi wa timu, na mlezi hamwandikii mtoto mkataba. Uchumi ulipofunguliwa, likapanda neno mfadhili, kwa kawaida mfanyabiashara mmoja mwenye fadhila zake, na fadhila huja na masimango. Kisha mdhamini, mwenye dhamana ya muda maalumu na nembo kifuani. Siku hizi ni mwekezaji, ambaye hata jina lake linasema anataka kitu kirudi. Maneno manne, mahusiano manne tofauti kabisa. Lakini mwandishi wa "enzi zile" huyachanganya ndani ya aya moja kana kwamba ni visawe, na hapo ndipo msomaji anapopotezwa. Kuachwa na mlezi ni uyatima. Kuachwa na mdhamini ni mkataba kuisha au kuvunjika, na ukiulilia kama yatima utaonekana kituko.

Stand United ya Shinyanga inalionyesha hili vizuri. Ni timu iliyobeba jina la stendi ya mabasi, Chama la Wana, yaani jina lenyewe lina kelele za makonda. Mwaka 2015 ikapata udhamini wa Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu. Kufumba na kufumbua kukawa na pande mbili: wanachama, na wale waliotaka timu iwe kampuni. Mwaka 2016 mdhamini akajiondoa, na mwaka 2019 timu ikashuka daraja. Ukiisimulia hii kama kisa cha tajiri aliyewakimbia maskini, umeandika tamthilia mbovu. Kilichowashinda kilikuwa swali ambalo stendi haikuwahi kuwa na haja ya kulijibu kabla ya pesa kuingia: timu ni ya nani?

Nikubali pia kwamba maelezo yangu hayafungui kila mlango. Mtibwa Sugar, iliyoanzishwa mwaka 1988 na wafanyakazi wa kiwanda kule Turiani, ilichukua ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, wakati mashirika mengi yalishakufa au kuuzwa. Kwa hiyo kampuni binafsi inaweza kulea, ikitaka. Mwaka 2024 Mtibwa ikashuka daraja, na kiwanda bado kipo. Ilishuka pamoja na Geita Gold. Msimu uliofuata wakashuka Kagera Sugar na KenGold. Sukari, dhahabu, sukari, dhahabu. Msimamo wa ligi ukasomeka kama taarifa ya soko, na sikuona gazeti lililosita hata sentensi moja kuushangaa mpangilio huo. Tulikuwa tunahesabu pointi.

Huku kwetu hadithi hii haiko mbali. Kutoka Bungu ukiteremka mlima kuelekea barabara kuu unakutana na mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge; mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata 40,000. Mkoa mzima ulijengwa juu ya nyuzi zile, bandari na reli yake, na mpira wake pia. Msimu wa 2015/16 timu tatu za Tanga zilishuka daraja kwa mpigo: Coastal Union, mabingwa wa mwaka 1988, African Sports, na Mgambo Shooting ya JKT, hao jirani zetu wa Handeni. Tulichosikia vijiweni ni fitina na ushirikina. Tulichosoma magazetini kilikuwa hicho hicho, kimepigwa pasi tu. Kati ya hizo tatu, moja ni ya jeshi na haikuwa na mkonge wowote wa kulaumu, najua. Lakini mkoa ambao viwanda vyake vimezimika moto unalisha timu tatu za ligi kuu kwa kitu gani? Swali hilo halikupata hata safu moja.

Na waandishi wa riwaya je? Shafi Adam Shafi alituandikia Kuli, akatuonyesha mpakuzi wa bandarini Zanzibar, mzigo begani, hadi mgomo. Kezilahabi katika Dunia Uwanja wa Fujo aliona siasa ya uchumi ikiingia shambani kwa mtu mmoja na kumvuruga. Fasihi yetu inamjua mfanyakazi saa anapofanya kazi na saa anapogoma. Jumamosi saa kumi jioni, anapovua ovaroli na kuvaa jezi yenye jina la mwajiri wake kifuani, tumemwachia mtangazaji wa redio. Ni hasara, maana hapo ndipo mtu yule anashangilia kwa moyo wote jina lile lile analolilaani Jumatatu asubuhi. Mtunzi gani anaacha kitu kama hicho kipite?

Pamba imerudi Ligi Kuu, ilipanda mwaka 2024 baada ya kusubiri zaidi ya miaka 20. Inaitwa Pamba Jiji sasa, na mwenye nayo ni Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Sehemu moja ya jina ni ya zao, nyingine ni ya anayelipa. Makala za kurudi kwake zilijaa furaha, na bao 17-1 zikatajwa tena.

Yangu ile ya zamani bado ipo mtandaoni na methali yake kichwani. Ningeiandika upya leo, wachezaji wangesubiri kidogo. Ningeanza na karani wa mishahara, mwezi ule aliofungua daftari akakuta majina kumi na nane hayana tena fungu la kuyalipa.