Mwenye Elimu na Kiti cha Mbele

Kitabu kiitwacho Governing the Commons kilitoka mwaka 1990. Chaeleza namna ya kusimamia mali ya shirika: malisho, msitu, maji, samaki. Mwandishi wake, Mama Elinor Ostrom, mwalimu wa elimu ya siasa huko Marekani, alipata zawadi ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Wengi hukisifu kitabu kwa ajili ya zawadi. Sisi twataka kukipima kwa kazi yake.

Kwanza tuitazame njia aliyopita. Alipoomba kusomea udaktari wa uchumi huko Los Angeles, alikataliwa kwa sababu ya upungufu wa hesabu. Idara ya siasa ikampokea, lakini baadaye walimu wakanung'unika kwamba wanawake wanne wameingizwa, eti hawatapata kazi ya kuiletea idara sifa. Akapata udaktari mwaka 1965. Katika chuo kikuu cha Indiana alianza kwa kufundisha wanafunzi wapya saa moja na nusu asubuhi, hata Jumamosi. Mwaka 1973 yeye na mumewe Vincent walianzisha nyumba ya utafiti, wakaiita karakana, kama mahali pa mafundi.

Na kitabu chenyewe chasema nini? Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya wote hayana budi kuharibika, kwa maana kila mchungaji ataongeza ng'ombe wake. Basi watu wakafikiri dawa ni mbili tu: serikali ishike yote, au kila mtu apewe kipande chake. Mama Ostrom hakubishana kwa maneno matupu. Alitazama watu wanavyofanya. Huko Törbel, kijiji cha milima ya Uswisi, sheria ya mwaka 1517 ilikataza mtu kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko awezao kuwalisha wakati wa baridi. Huko Alanya, Uturuki, wavuvi walipigia kura mahali pa kutega nyavu, kisha kila siku kila mmoja akasogea mahali pa jirani, kusudi wote wapate pazuri na pabaya.

Tena kuna jambo la kusifiwa sana. Habari za Törbel zilichunguzwa na Robert Netting, zile za Alanya na Fikret Berkes. Mama Ostrom awataja waziwazi. Hakuvaa nguo ya mwingine.

Lakini upungufu upo. Sura ya kwanza imejaa hesabu za michezo, wapendazo wachumi. Mvuvi aliyetoa fundisho hawezi kulitambua humo. Tena kitabu chasema machache mno juu ya wenye nguvu. Katika kanuni zake nane, moja yataka wakubwa wa nje wasiwazuie watu kujitungia sheria. Ni kweli. Lakini wakizuia? Sisi wa Kongo twajua habari hiyo: amri ya mwaka 1885 iliiita mali ya serikali kila ardhi iliyodhaniwa tupu, na misitu ya wazee wetu ikahesabiwa humo. Hapo sheria nzuri za kijiji hazikutosha.

Hata hivyo twakihesabu kuwa kitabu kikubwa. Wenzake wa siasa walimchagua kuongoza chama chao mwaka 1996. Lakini siku ya zawadi wachumi wengi waliuliza huyu ni nani. Alikufa mwaka 2012. Nyumba iliyomfungia mlango ilimheshimu akiwa na miaka 76, naye hakuwa ameketi kuingoja.

Bwana wetu aliwaonya waliokimbilia viti vya mbele karamuni. Wasomi nao wana karamu yao: vyeo, diploma, majina katika magazeti ya elimu. Si vibaya kuheshimiwa, na mnyimwaji ana haki ya kulalamika. Ila kijana asomaye siasa Lubumbashi au Kisangani asifikiri kwamba cheo ndiyo elimu. Aende kwa wavuvi wa ziwa, aulize, asikilize, na akiandika, ataje jina la aliyemfundisha. Akimsahau huyo, na yeye akisahauliwa, atamlaumu nani?