Chemsha Bongo na Haki ya Mfumbuaji

Chemsha bongo ya magazetini, ile ya miraba myeusi na myeupe, wengi wetu huihesabu kuwa ni mchezo wa kupitisha wakati. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba utungaji wake ni sanaa yenye sheria, na kwamba sheria hizo si ngeni kwa watu waliolelewa kwa vitendawili.

Mchezo huu ulianza New York tarehe 21 Desemba, 1913, ulipotungwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World. Vidokezo vyake vilikuwa maelezo ya maana tu. Waingereza ndio walioutia mafumbo. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alitunga katika gazeti la The Observer tangu 1926 hadi kifo chake mwaka 1939. Alifuatwa na D. S. Macnutt, mwalimu wa shule, aliyejiita Ximenes na kuendelea hadi 1971. Majina hayo waliyachukua kwa wakuu wa mahakama za kidini za Hispania ya kale, kana kwamba kazi yao ni kuwatesa wasomaji.

Hata hivyo, Ximenes alikuwa mtesaji mwenye haki. Aliendesha mashindano ambamo wasomaji walipewa neno wakalitungia fumbo wenyewe, naye akapima kazi zao. Mwaka 1966 alichapisha kitabu juu ya sanaa hiyo. Kipimo chake ni chepesi kukitaja na kigumu kukitimiza: fumbo liwe na maana sahihi ya neno, liwe na njia ya haki ya kulijenga neno hilo, wala lisiwe na kitu cha tatu.

Na tukijaribu kipimo hicho kwa Kiswahili. Mtu akiandika, “Faida ya mkulima (herufi 4)”, je, jibu ni “mali” au ni “pesa”? Yote mawili yanaingia. Hilo si fumbo, ni bahati nasibu. Lakini akiandika, “Lima kinyume upate utajiri (herufi 4)”, msomaji kwanza hushangaa: nani alitajirika kwa kulima kinyume? Kisha hukumbuka ule mchezo wa watoto uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho hutangulizwa. “Lima” huwa “mali”, na mali ni utajiri. Au tuseme, “Ndege avaliwaye (herufi 5)”. Jibu ni “kanga”, na maana zake zote mbili zimesimama pale pale mbele ya macho.

Hapa pana fundisho kwa watungaji wetu. Mwingereza huchezea herufi moja moja, kwa kuwa lugha yake yaruhusu. Kiswahili hujengwa kwa silabi, nayo ni tajiri wa maneno yenye maana zaidi ya moja. Anayeiga vya Uingereza kwa kuvuruga herufi tu hupata takataka zisizotamkika. Anayefuata tabia ya lugha yetu hupata fumbo lenye utamu.

Haki hii wazee waliijua. Mtegaji asemapo “Kitendawili!” na wenzake wakajibu “Tega!”, huwa amefunga nao mkataba. Wakishindwa humpa mji, naye hulazimika kutoa jibu mbele ya wote. Jibu likiwa halilingani na maneno yake, baraza humcheka yeye, wala si walioshindwa. Fumbo jema ni lile ambalo aliyeshindwa husema, “Kumbe! Lilikuwa wazi.”

Lawama yetu basi yaelekea darasani. Mara nyingi mwanafunzi hupewa orodha ya vitendawili na majibu yake, akariri, kisha aulizwe katika mtihani. Akitoa jibu jingine linalolingana kabisa na maneno, hukatwa alama. Kwa kufanya hivyo twamfundisha kukumbuka mafumbo ya wengine, hali urithi wenyewe ni uwezo wa kufumba.

Twawashauri walimu wawape wanafunzi neno moja, kila mmoja alitungie fumbo, kisha darasa zima lihukumu: je, maana ni sahihi? Njia ni ya haki? Kuna neno la ziada? Kijana aliyewahi kuipima sentensi yake hivyo hataandika ovyo tena, iwe ni barua, shairi au hotuba. Vitendawili vilitungwa na watu, wala havikuteremka vikiwa tayari. Vikikosa watungaji wapya, vitabaki kuwa mifupa ya makumbusho.