Bahari Zisizo na Maji: Uhakiki wa Istilahi za Uso wa Mwezi, pamoja na Mifano kutoka Kisii na Nyamira

Utangulizi

Neno "mwezi" katika Kiswahili lina maana mbili: taa ya usiku iliyoko angani, na muda wa siku ishirini na tisa au thelathini unaohesabiwa kwa taa hiyo. Katika Ekegusii, lugha ya wenyeji wa Kisii na Nyamira, neno "omotienyi" hubeba maana hizo hizo mbili. Lugha hizi, moja iliyokulia pwani na nyingine iliyokulia vilimani, zilikwisha kuafikiana juu ya mwezi kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuketi. Lakini kuutaja mwezi ni jambo moja, na kuutaja uso wake, pamoja na nyanda, mashimo na miamba yake, ni jambo jingine. Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapolazimika kuazima, na ndipo anapoteleza.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno matatu ambayo mfasiri wa jiolojia ya mwezi huyafikia kwanza, yaani bahari, kasoko na bonde. Hoja yake ni kwamba kila moja kati ya maneno haya limebeba hukumu juu ya asili ya kitu linachokitaja, na kwamba hukumu hiyo ama ni ya uongo, ama imetolewa kabla ya ushahidi. Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Katika shule za Kisii na Nyamira sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, aghalabu hufafanuliwa kwa Kiswahili, na mtoto akifika nyumbani huisimulia kwa Ekegusii. Neno likipinda katika hatua ya pili, hatua ya tatu haiwezi kulinyosha.

Bahari

Mabaka meusi yanayoonekana juu ya mwezi kwa jicho tupu yalipewa majina ya Kilatini na Giovanni Battista Riccioli katika kitabu chake kilichotoka Bologna mwaka 1651. Aliyaita "mare", yaani bahari, na kila moja akaliongezea sifa: ya utulivu, ya mvua, ya rutuba, na kadhalika. Majina hayo yangali yakitumika. Wanaanga wa Apollo 11 waliposhuka tarehe 20 Julai 1969, walishuka katika Mare Tranquillitatis, na Kiswahili kikapata "Bahari ya Utulivu". Mawe waliyorudi nayo yaliondoa shaka iliyokuwapo: mabaka hayo ni nyanda za basalti, yaani lava iliyomiminika ikaganda, na mawe ya mahali hapo yana umri unaozidi miaka bilioni tatu na nusu. Nyanda za namna hiyo zimefunika takriban asilimia 17 ya uso wote wa mwezi.

Yafaa itazamwe kwa makini jinsi Kiingereza kilivyolishughulikia neno hili. Mwanajiolojia anayeandika kwa lugha hiyo hasemi "bahari" ya kawaida. Hulibakiza neno la Kilatini lilivyo, na kwa hiyo ana maneno mawili: moja la maji na moja la basalti. Mfasiri wa Kiswahili anapolitafsiri "mare" kwa "bahari", hufuta tofauti ambayo wenyewe waliihifadhi. Anadhani ametafsiri neno, kumbe ametafsiri kosa la karne ya 17.

Kosa hilo huongezeka uzito linapofika vilimani. Ekegusii hakikukulia ufuoni mwa bahari. Maji makubwa yaliyo karibu nacho ni ziwa, nalo huitwa "enyancha", neno lililo ndugu wa Nyanza. Mwanafunzi wa Nyamira anayeambiwa habari za bahari za mwezi atazisimulia nyumbani kwa neno la ziwa, na msikilizaji atauliza, kwa haki kabisa, ni samaki gani wanaovuliwa huko.

Tena, elimu ya karne hii imelifanya neno hili kuwa la kupotosha kuliko zamani. Vipimo vya chombo cha India, Chandrayaan-1, pamoja na jaribio la Marekani la mwaka 2009 la kugongesha roketi katika shimo lenye kivuli cha daima, vilithibitisha kwamba mwezi unayo maji. Lakini barafu hiyo imo katika mashimo ya karibu na ncha, yasiyofikiwa na jua. Basi Kiswahili kikiendelea na "bahari" kama jina la aina, kitakuwa kinayaweka maji mahali yasipo na kunyamaza juu ya mahali yalipo.

Kasoko

Neno la pili ni kasoko. Kwa kawaida neno hili hutaja shimo lililo kileleni mwa mlima wa volkeno. Msemaji wa Afrika Mashariki ana mifano tele: Menengai juu ya Nakuru, shimo la kilele cha Kibo, na Ngorongoro, ambayo watu wengi huiita "kreta". Yote haya ni mazao ya volkeno. Hivyo anayesoma kwamba mwezi umejaa makasoko huelewa mara moja kwamba mwezi umejaa milima ya moto iliyozimika.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani nao waliamini hivyo kwa muda mrefu. Grove Karl Gilbert alipinga mwaka 1893, Ralph Baldwin akapinga kwa hoja nzito zaidi mwaka 1949, na kazi ya Eugene Shoemaker katika miaka ya 1960 ikakaribia kuufunga mjadala: karibu mashimo yote ya mwezi yalichimbwa na vitu vilivyoanguka kutoka angani. Lugha ya sayansi ilihitaji zaidi ya nusu karne kuliacha wazo la volkeno. Si busara kwa Kiswahili kuanzia pale wenzake walipokwisha kuondoka.

Wala haitoshi kusema kwamba jambo hili liko mbali na wasemaji wa Kiswahili. Huko Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, umbo la duara la Luizi, lenye kipenyo cha kilomita 17 hivi, lilithibitishwa mwaka 2011 kuwa limetokana na mgongano. Na kule Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, chuma kilichotoka angani kimelala juu ya ardhi, na watu hukiita kwa jina sahihi kabisa: kimondo. Lugha iliyo na neno kimondo haina udhuru wa kukosa "shimo la kimondo".

Bonde

Neno la tatu huonekana halina hatia. Mashimo makubwa kabisa ya mwezi, yenye upana unaozidi kilomita 300 hivi, yametengewa jina lake katika jiolojia, na mfasiri hulipa jina la bonde. Lakini bonde kwa msemaji wa Kiswahili ni kitu kirefu kilichochimbwa na mto au kufunguliwa na ufa. Mtu wa Nyamira analijua bonde kwa mto Gucha, ambao huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, hushuka kupita nchi ya Kisii na kuishia ziwani. Bonde lina pande mbili na mwelekeo. Kitu kinachotajwa mwezini ni duara, na aghalabu kina kingo kadhaa zilizozungukana kama pete. Orientale, ambayo ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko nyingine, ina pete ya nje yenye kipenyo cha kilomita 930. Imbrium ina kipenyo cha kilomita 1,160 hivi, yaani karibu sawa na mwendo wa ndege kutoka Kisii hadi Addis Ababa. Ile ya upande wa nyuma, iitwayo South Pole–Aitken, hufika kilomita 2,500.

Neno lifaalo liko jikoni: beseni. Lina duara, lina ukingo, lina sakafu. Anayeliona kuwa neno la kawaida mno kwa sayansi akumbuke kwamba neno la Kigiriki lililozaa "kreta" lilikuwa jina la bakuli kubwa la kuchanganyia divai. Mchongaji wa Tabaka, Kisii, anayefukua bakuli kutoka katika jiwe la sabuni, anafanya kazi iliyo karibu na asili ya istilahi hiyo kuliko mwandishi yeyote wa kamusi. Hata vifusi vilivyotapakaa miguuni pake vina somo. Kifusi kilicho juu ni cha pigo la mwisho, na ndivyo mwezi ulivyochorwa ramani: kifusi cha shimo la Copernicus kimeulalia uwanda wa Imbrium, kwa hiyo shimo ni changa kuliko uwanda. Shimo hilo lina upana wa kilomita 93, na eneo lake ni kama mara tatu ya kaunti za Kisii na Nyamira zikijumlishwa.

Funzo la Cayley

Hapa huenda ikaulizwa: ikiwa "bahari" imeshindwa, kwa nini tusiseme "uwanda wa lava" na kumaliza? Jibu linapatikana katika historia ya ramani zenyewe.

Mbali na nyanda nyeusi, mwezi una nyanda zenye rangi nyepesi zilizotanda kati ya milima. Wachoraji wa ramani wa Idara ya Jiolojia ya Marekani waliziita Cayley, kwa jina la shimo lililo karibu. Kwa kuwa zilikuwa sawa na laini, wengi waliamini kwamba ni za volkeno. Ni sababu mojawapo iliyoipeleka Apollo 16 kwenye eneo la Descartes mwezi Aprili 1972. John Young na Charles Duke walitafuta miamba ya volkeno, lakini waliyoikuta kwa wingi ni breksia, yaani vipande vya miamba iliyovunjwa na migongano ikagandamana tena. Tafsiri ilianguka mara moja.

Lakini ramani haikuanguka, na jina halikuanguka. Katika ramani hizo kila rangi ilielezwa kwa sehemu mbili: kwanza sifa zinazoonekana, kisha, chini yake, tafsiri. Jina Cayley lilitaja mahali, na maelezo yalitaja sura. Ni mstari wa tafsiri tu uliohitaji kufutwa. Laiti uwanda huo ungaliitwa kwa jina la volkeno, jina lenyewe lingalikuwa uongo tangu siku hiyo. Ramani ya upande wa mbele iliyotolewa mwaka 1971 na Don Wilhelms na John McCauley, na ile ya mwezi mzima iliyotolewa mwaka 2020, zote za kipimo cha 1:5,000,000, ni matunda ya nidhamu hiyo.

Nidhamu hiyo si ngeni Kisii. Jiwe la Tabaka huitwa "jiwe la sabuni" kwa sababu ya ulaini wake mkononi. Jina hilo halisemi jiwe lilitoka wapi. A. Huddleston alipoieleza jiolojia ya wilaya ya Kisii katika ripoti ya serikali ya mwaka 1951, na wengine walipoijadili baadaye, hakuna aliyehitaji kumnyang'anya mchongaji neno lake. Vivyo hivyo, shimo la Manga liitwalo Ngoro ya Mwaga huitwa shimo tu. Aliyelichimba ni habari ya masimulizi, na masimulizi hayakutiwa ndani ya nomino.

Pingamizi

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba "Bahari ya Utulivu" limekwisha kuzoeleka, nalo ni jina zuri. Ni kweli, na hakuna haja ya kuling'oa. Jina la mahali si jina la aina. Hakuna anayetafuta kitanda cha reli katika mtaa wowote ule ulioitwa Reli. Libaki kama jina pekee, kwa herufi kubwa, lakini mwalimu asiseme kwamba mwezi una bahari.

Ya pili ni kwamba ingefaa kutohoa tu: mare, kreta, na yaliyobaki. Utohozi una faida ya kutodanganya, lakini haufundishi kitu. Kreta, zaidi ya hayo, haliingii likiwa tupu; limekwisha kushiba Ngorongoro. Utohozi uwe kimbilio pale lugha inaposhindwa, kama katika basalti na breksia. Katika uwanda, shimo na beseni lugha haijashindwa.

Hitimisho

Kinachopendekezwa ni ngazi ya maneno inayofuata ngazi ya ushahidi. Kwanza sura: uwanda mweusi, uwanda mweupe, shimo, beseni. Kisha, mwamba ukishajulikana, nyongeza: uwanda wa basalti, uwanda wa breksia. Mwisho, chanzo kikithibitika: shimo la kimondo kwa lililochimbwa kutoka juu, kasoko kwa lililofunguliwa kutoka chini. Kwa mpango huu kasoko halitupwi, bali hurudishiwa kazi yake.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ilionyesha kwamba kazi ya namna hii huwezekana. Sayari na miezi zinangoja zamu yao, na muda si mwingi. Mwaka 2024 chombo cha China, Chang'e 6, kilirudi na gramu 1,935 za mawe na udongo kutoka ndani ya beseni la South Pole–Aitken, za kwanza kutoka upande wa nyuma wa mwezi. Matokeo ya uchunguzi wake yanaendelea kuandikwa, na yatafika Kisii na Nyamira kwa lugha moja au nyingine. Kitakachoamuliwa na wanaoandika istilahi leo ni kama mwalimu wa huko atakuwa na maneno ya kuyaeleza, au atalazimika kwanza kueleza kwa nini maneno aliyopewa si ya kweli.