Kupanda, Kusia na Kupandikiza: Uhakiki wa Lugha ya Bustani ya Mboga

Istilahi za sheria na za utawala hujadiliwa mara kwa mara na wapenzi wa Kiswahili. Istilahi za bustani ya mboga aghalabu huachwa, kwa kudhaniwa kwamba neno la jembe halihitaji mjadala. Dhana hiyo si sahihi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi maagizo ya ukulima yanayofasiriwa kutoka lugha za nchi za baridi yanavyoweza kumpotosha msomaji, ijapokuwa kila neno lililotumika ni la Kiswahili safi.

Tuanze na majira. Tuchukulie kwamba mfasiri amekabidhiwa kijitabu cha Uingereza kinachoeleza kilimo cha nyanya, naye akaandika hivi: "Panda mbegu ndani ya nyumba mwishoni mwa kipupwe, kisha panda nje wakati wa masika; vuna kiangazi, na ung'oe mimea vuli." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Lakini mkulima wa Mbagala au wa Bunju akiifuata atapata hasara. Kipupwe chetu huisha kwenye mwezi wa Agosti, na masika huanza Machi. Kwa hiyo miche itangoja kitaluni zaidi ya nusu mwaka, ilhali mche wa nyanya huwa tayari kuhamishwa baada ya majuma manne hivi. Tena utahamishiwa nje katika mvua nyingi, wakati ambapo ugonjwa wa bakajani hushamiri na maji hutuama kwenye mashina.

Kosa limetoka wapi? Mfasiri amedhani kwamba, kwa kuwa Wazungu wana majira manne nasi tuna majina manne, basi majina hayo yalingane moja kwa moja. Hayalingani. Vuli ya Dar es Salaam ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati mbegu zinapoota. Vuli ya kijitabu kile ni wakati majani yanapopukutika na bustani kufungwa. Hapo neno moja limebebeshwa maana mbili zinazopingana. Twaona ni heri mwalimu wa jiografia aseme "majira ya kuchipua" na "majira ya kupukutika majani" anapoeleza nchi za mbali, na kuliacha neno vuli libaki na mvua zake.

Hata hivyo, kubadili jina la majira tu hakutoshi. Mfasiri wa maagizo hana budi kuuliza sababu ya agizo. Mkulima wa Uingereza huotesha nyanya ndani kwa kuogopa jalidi, yaani baridi inayogandisha umande na kuua mche. Hapa Dar es Salaam hakuna jalidi. Adui wa mche ni jua kali na mvua kubwa. Ndiyo maana wakulima wengi husia mbegu za nyanya mwishoni mwa masika, ili mimea ikue katika ubaridi na ukavu wa kipupwe. Vilevile, kitabu kinachosema miche iwekwe juani kutwa hufaa kwao. Kwetu kitalu hujengewa kichanja cha makuti.

Jambo la pili ni neno kupanda. Katika sentensi tuliyoinukuu limetumika mara mbili kwa kazi mbili mbalimbali. Mkulima ana maneno yanayotenganisha kazi hizo. Kusia ni kuweka mbegu udongoni, iwe kitaluni au penye tuta. Kupandikiza ni kuuhamisha mche kutoka kitaluni hadi mahali utakapokua. Nyanya, bilinganya na kabichi husiwa, kisha hupandikizwa. Mchicha, ambao wengi huukuza mabondeni na viwanjani, kwa kawaida husiwa tutani moja kwa moja, na baada ya majuma matatu au manne hung'olewa na mizizi yake au huchumwa majani. Mwandishi anayesema "panda mchicha, panda nyanya" amewanyima wasomaji wake tofauti ambayo bustani yote inaitegemea. Afisa ugani anayekijua kitu chenyewe ataelewa. Kijana anayeanza kazi hataelewa.

Tatu, yapo mambo ambayo neno lake bado halijatulia. Kabla ya kupandikiza, mkulima hupunguza maji na kuondoa kivuli kidogo kidogo kwa muda wa juma moja hivi, ili mche uweze kustahimili hali ya nje. Wapo wanaofasiri "kuifanya miche iwe migumu", maneno ambayo hayamwambii mtu afanye nini. Wengine husema "kukomaza miche". Neno hili si baya, lakini nyanya nayo hukomaa, na katika ukurasa mmoja msomaji atakutana na kukomaa kwa mche na kukomaa kwa tunda. Sisi twapendelea "kuzoesha miche jua", kwa kuwa tamko hilo lenyewe limebeba agizo.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba tunashughulikia mambo madogo. Lakini anayekodi kipande cha ardhi Temeke au Kinondoni hulipa kodi, hununua mbegu na kuteka maji. Miche ikifa, hatalaumu kamusi. Atasema kwamba maandishi ya Kiswahili hayafai kwa kazi, na mara nyingine atamsikiliza jirani badala ya kusoma. Hasara hiyo ni ya lugha nzima.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, maagizo ya kilimo yafasiriwe kwa kutaja miezi pamoja na majira. Pili, kusia na kupandikiza yatumike kila yanapohitajika, na kupanda liachiwe maana yake ya jumla. Tatu, kabla ya kuchapishwa, kila tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya wakulima wawili watatu penye matuta yao. Pale watakapouliza, "Maana yake nini?", mfasiri atakuwa amepata mahali pa kusahihisha.